Maji ya Mbwa

Mbwa wetu alikuwa na debe lake la maji, na ole wako uliguse. Nasema hivi mapema ili mtu anayedhani watu wa zamani walikuwa na akili kuliko wa leo aachane na mawazo hayo. Mimi nilikuwapo.

Tulihamia Makote, kule juu Newala, baba alipopewa shule ya kufundisha, wakati wa Mwingereza. Mama alikuwa mtu wa Lulindi, mtoto wa watu wa misheni, na kwao kisima kilikuwa karibu kiasi cha kuacha mboga motoni ukaenda kuteka ukarudi haijaungua. Huku juu hakuna kisima. Udongo unakunywa mvua yote, na kiangazi kikiingia wanawake wanashuka ukingo wa uwanda mpaka bondeni, wanateka, wanapanda nayo kichwani. Wanaume hawashuki. Hakuna aliyewakataza, ilikuwa haijapata kuonekana tu mwanamume mwenye mke akibeba maji. Ilisemwa kwamba Serikali italeta mabomba. Mama alisema mabomba yatafika yeye amekwisha kuzikwa, basi wayapitishe juu ya kaburi lake, walau anywe huko.

Mwaka ule wa kwanza mama alikuwa mjamzito. Mimba ilipokuwa kubwa alimwomba baba amsaidie maji, hata safari moja tu kwa siku. Baba akasema, "Mama watoto, wazazi wa wanafunzi wakiniona watasemaje?" Mama akashuka. Wakati wa kupanda akaketi katikati ya mteremko, na mtoto akatoka kabla ya siku zake, akafa palepale. Alikuwa wa kiume. Wanawake walimfunga mama khanga kiunoni wakampandisha nyumbani wakimshika huku na huku. Baba alilia sana, hilo sitamnyima. Lakini maji ya kuoshea ile maiti ndogo niliyafuata mimi.

Kiangazi kilichofuata nguruwe pori wakaingia kwenye muhogo wetu. Walikula walivyotaka, na walichoshindwa kula wakakifukua. Baba akaenda kwa mjomba wake kule Lupaso akarudi na mbwa mwekundu mwenye sikio lililochanika, na lazima niseme kweli, yule mbwa alijua kazi. Alitoka usiku na jirani yetu, mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa fundi wa mitego. Nguruwe akiuawa, mzee hamgusi. Anasimama pembeni, anaita, "Mwalimu! Mzigo wako huu!" Nyama tulikula sisi watu wa kanisani, na matumbo akapewa mbwa mabichi, palepale chini, bado yana joto. Ndiyo ilikuwa desturi ya wawindaji. Mzee alisema mbwa ukimpikia anakuwa mvivu, atakaa mlangoni akingoja chakula kama mgeni.

Baada ya muda mbwa akaanza kukonda huku anakula. Akawa anakaa chini na kujiburuta makalio uwanjani, nasi tukacheka, tukidhani anacheza. Kwenye choo chake palionekana vitu vyeupe kama punje za mchele. Halafu mdogo wangu, ambaye alikuwa akilala juu ya mbwa yule kama juu ya mkeka, akaanza kuvimba tumbo, na tukaacha kucheka.

Baba akampakia mtoto kwenye baiskeli akampeleka hospitali ya misheni, mbwa akawafuata nyuma njia nzima. Sista wa Kizungu akampa mtoto dawa ya minyoo, kisha akamtazama mbwa akauliza anakula nini. Baba akamweleza kwa majivuno yote. Alituhadithia mwenyewe kwamba Sista alishika kichwa. Akamwambia matumbo mabichi na nyama mbichi vina mbegu za minyoo, mbwa anazimeza, anakuja kuzimwaga uwanjani, na mtoto anacheza humohumo na kutia vidole kinywani. Kuna nyingine hata zinaingia kwenye ini la mtu zikakaa humo miaka. "Chemsha," akasema. "Chemsha mpaka usione wekundu hata kidogo." Baba alikuwa anamwogopa Mungu na anamwogopa Sista, ila sijui nani alitangulia.

Akarudi nyumbani akatangaza.

"Nichemshe kwa maji gani?" mama akauliza.

"Ya mtungini."

"Mtungini mna maji ya watu."

"Mama watoto, hii ni afya ya mtoto."

"Sikatai. Sista kasema kweli, na mtoto nimemzaa mimi. Lakini mwenye mbwa atateka maji ya mbwa."

Baba akajaribu kumchomea mbwa nyama. Nje ikawa mkaa, ndani damu. Akaikata, akaichungulia, akasema bado mbichi, akaizika. Siku iliyofuata mama alimkuta ameinamia mtungi na kata mkononi, sufuria ya mbwa iko miguuni pake, amejitia kama anataka kunywa. Mtu hanywi maji kwa sufuria, jamani. Mama akaichukua ile kata mkononi mwake, akamimina maji yakarudi mtungini, akafunika. 

Basi baba akashuka.

Makubwa! Hebu fikiri mwalimu, kaptura yake imenyooshwa pasi, soksi mpaka magotini, debe begani, yuko katikati ya msururu wa wanawake. Mabinti waliokuwa wanafunzi wake hawakujua watazame wapi. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba." Halafu mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa hana adabu wala haitaki, akauliza, "Mwalimu, mwenzetu mgonjwa?" Baba akasema kwa sauti ya darasani, "Hapana. Haya ni ya mbwa."

Nilidhani wangemzomea mpaka aache. Wapi! Walicheka siku chache, wakazoea. Na mimi nikaelewa kwa nini alikuwa akisema kwa sauti. Maji ya mbwa yalikuwa mambo ya Sista, ya dawa, ya kisomo. Mwanamume akibeba maji ya mbwa anaonekana mtu wa maendeleo. Akibeba ya mkewe, ametawaliwa.

Akajenga mafiga nyuma ya nyumba, akawa anapika mwenyewe. Alichemsha maini, mapafu, matumbo, akiyachoma kwa kijiti na kukinyanyua juu aone kama kuna wekundu. Akiona shaka, anaongeza kuni. Harufu yake sitaki kuikumbuka. Mbwa alingoja, akala, akanenepa, manyoya yakang'aa, akawa anapita kijijini kama liwali. Tumbo la mdogo wangu likarudi mahali pake. Na nguruwe waliendelea kuuawa, hata yule mzee akakiri kwamba mbwa wa kupikiwa naye ni mbwa. Yote aliyosema Sista yalikuwa kweli, na kila aliyekuja kwetu baba alimweleza, hata aliyekuja kuazima shoka.

Mama wakati huo alikuwa na mimba tena, na alikuwa anashuka. Walikuwa wanashuka njia moja, wakati mmoja, baba na debe la mbwa, mama na mtungi wetu, mimi nyuma na kibuyu. Baba alikuwa na miguu mirefu, kwa hiyo wakati wa kupanda alitupita. "Polepole, Mama watoto," anasema, anapita. Mimi nilimchukia baba yangu kwenye ule mteremko.  Mama alikuwa anahema.

Siku moja mama akaketi chini, katikati ya kilima. Mtungi ulimponyoka ukavunjika, maji yakakimbilia kwenye majani, na yeye akashika tumbo kwa mikono miwili. Kibuyu changu nacho kikanidondoka kikamwagika, nikapiga kelele. Wanawake wakatua mizigo yao wakamzunguka. Baba alikuwa ameshafika mbali juu. Aliposikia sauti yangu aligeuka akateremka mbio, debe bado lipo begani, maji yanamlowesha shingo. Alipofika akasimama tu. Wanawake walimsogeza kama wanavyosogeza mbuzi mlangoni.

Maumivu yakakawia, kisha yakatulia. Yule mama mtu mzima akaweka mkono tumboni mwa mama, akangoja, akasema mtoto anacheza. Tukampandisha polepole, tukipumzika kila penye kivuli. Nyumbani tukamlaza kwenye mkeka barazani, nao wanawake wakaondoka, kwa sababu na wao walikuwa na nyumba zao zinazongoja maji. Mama akasema ana kiu. Nikaenda ndani nikafunua mtungi mkubwa. Ulikuwa mkavu.

Nilipotoka baba alikuwa nyuma ya nyumba. Jana yake walikuwa wameua nguruwe, na matumbo yalikuwa kwenye sufuria yakingoja, nzi juu, mbwa pembeni anatikisa mkia. Baba akalishusha debe begani, akainama, akaanza kumimina kwenye sufuria. Sidhani kama alikusudia ubaya. Mikono yake ilikuwa imezoea.

Mama alikuwa amejiinua. Alikuwa ameshika nguzo ya baraza, anamtazama.

"Baba watoto."

Baba akageuka.

"Kiangazi kile ningekuwa mbwa," mama akasema, "mwanangu leo angekuwa anatembea."

Alisema taratibu, kama mtu anayekumbushia kitu kilichosahauliwa dukani.    Baba akalichukua debe akaingia nalo ndani, akamimina yaliyobaki yote kwenye mtungi wetu, akachota kikombe, akakileta barazani akiwa amekishika kwa mikono miwili. Mama akanywa huku analia. Akamrudishia kikombe kitupu bila kumtazama, naye akaenda kuchota kingine.