Kengele Moja kwa Norman Haslam

Norman Haslam hajawahi kukosa siku ya wazi. Jumapili zile makumbusho yetu ya mabasi ya kale yanapofungua milango, yeye ndiye wa kwanza kufika, tai shingoni, kofia ya udereva kichwani, viatu vinang'aa mpaka vinakuudhi. Alianza kuendesha mabasi hapa Cragshaw akiwa kijana, akaoa, akazika mke, akastaafu, na wiki iliyofuata akaja kwetu kujitolea.

"Nyumbani nifanye nini, Glenys? Nitazamane na paka?"

Na paka mwenyewe hana.

Sisi sote pale ni wastaafu, mikono imejaa grisi, tunanuniana wiki nzima kwa sababu ya rangi ya mlango wa basi. Mimi ni kondakta. Mdomo wangu mji mzima unaujua, sina haja ya kujitetea.

Msimu ule Norman alianza kunitia hofu. Asubuhi moja alimuuliza Trevor, mwenyekiti wetu, kama Jack Pilling ameshaingia zamu. Jack tulimzika zamani. Watu wakaangua kicheko wakidhani ni utani wake. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nikimtazama usoni, na alikuwa akingoja jibu. Siku nyingine nilimkuta karakana, mkono juu ya boneti, ananiuliza choo kiko wapi. Choo hicho alikijenga yeye.

Trevor naye hakuwa kipofu. Alimvuta pembeni, nami nikasogeza sikio.

"Mzee wangu, mimi nakuheshimu. Lakini kosa moja tu barabarani, usukani unauacha."

"Ukininyang'anya usukani, unichimbie na kaburi kabisa," Norman akamjibu. Halafu akanitazama mimi, macho yanaomba. Nilijifanya nahesabu vikombe vya chai.

Basi, ikafika Jumapili ya mwisho ya msimu. Manyunyu, ukungu umekaa juu ya bonde, na watu wamejaa utadhani tunagawa keki bure. Tukatoa basi la ghorofa, lile refu jekundu tulilopewa na watu wa mji mwingine. Watoto wote wakakimbilia juu, viti vya mbele kabisa, na mama zao nyuma yao.

Kwenye mabasi haya dereva hukaa peke yake mbele, kwenye kijumba chake, kioo katikati. Hamsemezani. Mnaongea kwa kengele. Moja: simama kituo kinachofuata. Mbili: twende. Nne: hatari, simama hapo hapo ulipo. Nne sikuwahi kuipiga maishani mwangu.

Nikapiga mbili, tukaondoka. Njia yetu ni fupi: unafika kanisani, unakata kulia, unazunguka bustani, unarudi kunywa chai. Tulipofika kanisani Norman akakata kushoto.

Kushoto ndiyo njia ya zamani ya namba nane, njia yake, inayoteremka hadi kiwandani na kupita chini ya daraja la reli. Daraja lile liko chini mno. Ndiyo maana enzi zile namba nane walipewa mabasi ya paa la chini, na Norman aliyapitisha pale maisha yake yote bila hata kuinua jicho. Hili la leo halikuwa la paa la chini.

"Mama, si walisema tunakwenda bustanini?" abiria mmoja akaniuliza.

"Leo tunapitia njia ya kupunga upepo, kipenzi. Kaa kitako."

Nikapiga kengele moja. Kupitia kioo nikamwona Norman anainua mkono, kwa adabu zake zote, kunijulisha kwamba amesikia. Nikashusha pumzi. Lakini basi halikupunguza mwendo hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kengele moja ni kituo kinachofuata. Na kwenye namba nane, kituo kinachofuata kiko lango la kiwanda, ng'ambo ya daraja. Masikini, hakuwa amekosea. Alikuwa ananitii.

Juu watoto wanaimba na kupiga miguu sakafuni, moja kwa moja juu ya kichwa changu. Nikaishika kamba ya kengele. Nilijua nikipiga nne basi zima litasikia, na Trevor atasikia kabla hatujarudi, na mkono wangu huu huu ndio utakaomvua Norman usukani. Ningetoa dunia nzima nisiipige. Mbele, kwenye ukungu, mawe meusi ya daraja yakaanza kuonekana.

Nikapiga nne.

Breki zikapiga yowe. Mikoba ikaruka, mzee mmoja akaniangukia na kofia yake. Juu mtoto akalia, kisha wote wakaanza kupiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho, Mungu wangu.

Nilishuka nikatazama juu. Kati ya kioo cha mbele cha ghorofani na mawe ya daraja ungepitisha kiganja, labda. Nikatoa simu nikamwambia Trevor aje, na alete dereva mwingine. Hakuniuliza kwa nini.

Norman akateremka kutoka kijumbani mwake amefura.

"Nne! Nani kakufundisha kupiga nne namna ile? Utaniumizia abiria!"

"Tazama juu, Norman."

Akatazama. Akatazama paa, akatazama mawe, akarudi kwenye paa. Kule juu watoto wanampungia mikono kwenye kioo. Hasira ikamtoka yote, akabaki mzee mdogo aliyelowa mvua, akanishika mkono wa koti.

"Glenys," akaninong'oneza, ili abiria wasisikie, "hili daraja wamelishusha lini? Jana tu nimepita hapa."