Nyumba Inayoita Watu

Siku niliyobomoa ukuta wa nyumba yangu mwenyewe kwa mchi wa kutwangia, mwanangu, naikumbuka hata harufu ya tope lake. Ukuta ulikuwa mbichi, umekandikwa vizuri, umenyooka. Waliokandika walikuwa vijana wa chuo kikuu, waliojitolea bila kulipwa hata thumni. Nami niliubomoa mbele ya macho yao. Nikikwambia kwamba mpaka leo sijajuta, usinikatize. Sikiliza kwanza.

Juzi ulikuja hapa umejaa furaha, ukaniambia kuwa chuoni kwenu mnajiandikisha kwenda vijijini likizo hii kujitolea. Mtachimba vyoo, mtapaka rangi madarasa, mtasaidia yatima. Nilipokaa kimya ukadhani bibi hajasikia. Nilisikia sana. Neno lako la mwisho lilinipanda kichwani, na mimi nikiwa na hasira sipendi kusema na mtoto. Leo nimetulia kidogo. Kidogo tu. Ndiyo maana naandika, uwasomee na wenzako.

Tulikuwa watatu: mimi mkubwa, mdogo wangu Saidi, na Zainabu kitinda mimba. Tulikaa upande wa Kilambo, karibu na mto Ruvuma, kwenye shamba la mihogo na mikorosho michanga aliyoipanda baba. Mama alifariki kwa uzazi, baba akamfuata kwa homa kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa darasa la tatu, nikaacha. Hakuna aliyeniambia niache. Niliamka asubuhi moja nikamwona Zainabu analamba mwiko mkavu, nikajua shule imekwisha.

Kwetu watoto ni wa upande wa mama, na mwenye sauti juu yao ni mjomba. Mjomba wetu Abdala alikaa ng'ambo ya mto, upande wa Mreno. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu mambo yakae anavyoyajua yeye: Saidi aende kwake, Zainabu apelekwe kwa mama mdogo Mikindani, na mimi nitafutiwe mume. Miaka ile mitatu minne ya kwanza nilimzuia kwa maneno. Halafu masika moja mvua zikatuangushia kuta. Paa lilibaki, nguzo na fito zikabaki, lakini udongo wote ukamomonyoka, ukisimama nje unamwona aliyelala ndani. Mjomba akaja na mtumbwi, akaitazama nyumba, akacheka kwa huzuni.

"Hii sasa ni tenga la kuku," akasema. "Binti, umejitahidi. Nipe watoto."

"Nitaikandika."

"Wewe na nani?"

"Nitaita watu."

Hapo akaacha kucheka, kwa kuwa nilikuwa nimetamka neno zito. Kwetu nyumba haikandikwi na mtu mmoja. Unapita mlango kwa mlango, unaita. Siku ikifika watu wanakuja na majembe na madebe ya maji, wanakanyaga udongo, wanakandika, na wewe unawapikia wanakula washibe. Ukishawalisha, nawe umekuwa mtu wa kuitwa. Jirani akitaka kupalilia, anakuja mlangoni kwako. Nyumba inayoita na kuitwa ndiyo nyumba. Isiyoweza kuita hupewa tu: hupewa mabaki ya futari, hupewa nguo zilizochoka, huonewa huruma, na watoto wake hugawanywa. Haya hayakuandikwa popote, lakini kila mtu aliyajua.

Mjomba akasema, "Haya, ita. Wakija wakafanya kazi, wakala wakashiba kwako, mimi nitakula nao, na wadogo zako sitawagusa tena. Ukishindwa, Saidi anapanda mtumbwi na mimi siku hiyohiyo. Zainabu nitamfuata baadaye."

Nikakubali. Nilichagua Jumamosi moja baada ya mavuno. Wanaume wengi walikuwa Mtwara kwenye kazi ya bandari mpya, na Jumamosi ile waliahidi kurudi nyumbani. Nyingine kama hiyo sikuiona karibu. Nilianika makopa, ile mihogo mikavu, mpaka dari ikajaa. Nilisuka mikeka nikauza, nikanunua nazi na ng'onda, samaki wale wa kukaushwa. Bi Somoe, shoga yake mama, aliniazima sufuria lake la arusi. Saidi alimtoa jogoo wake wa pekee, aliyemwita Karani kwa sababu alitembea kama mtu aliyefunga mikono nyuma. Alilia, lakini alimtoa.

Alhamisi, siku mbili kabla, lori likaja. Jumbe wetu alikuwa amekaa mbele na kofia yake ya sherehe. Nyuma walikuwa vijana wa chuo kikuu waliokuwa likizo, wamevaa kaptula safi na viatu. Kiongozi wao aliitwa Idrisa, kijana wa Mikindani. Mikindani, mwanangu! Siyo Ulaya. Alizaliwa kwenye pwani hiihii, akalishwa muhogo huuhuu. Laiti angekuwa mgeni hasira yangu ingekwisha zamani.

"Pole, dada," akaniambia. "Tumeambiwa hapa pana yatima."

"Hapa pana nyumba," nikamjibu. "Karibuni."

Wenzake wakacheka, wakadhani natania. Nikawaeleza kwamba nimeita watu Jumamosi, nao waje, wataongeza mikono.

"Jumamosi lori letu linaondoka. Wewe pumzika, dada, umeteseka vya kutosha. Tutakumalizia leo na kesho."

"Lakini watu nimewaita. Wakija watakuta nini?"

"Watakuta nyumba nzuri!"

Nikamgeukia jumbe. Akaninong'oneza kwa meno, "Binti, wageni wa serikali hawa. Unaikataa neema? Usiniaibishe!"

Basi wakaanza. Sitawasingizia, walifanya kazi. Walikanyaga udongo mpaka kaptula zikawa rangi ya udongo, mikono ikatoka malengelenge, na hata Ijumaa walikwenda kusali waliosali, wakarudi wakaendelea. Kuta zilisimama. Mtu mwingine angeshukuru, nami nilitaka kushukuru. Niliwapikia. Nikabeba sinia la ugali na kisamvu cha nazi, nikaliweka mbele ya Idrisa kwa magoti yote mawili.

Akarudi nyuma kama nimempelekea nyoka. "Hapana, dada! Chakula cha yatima ni moto tumboni. Tumekuja kutoa, hatukuja kula."

Wakaenda kivulini mwa lori, wakafungua mikate na makopo ya samaki. Walipomaliza wakampa Saidi kopo tupu achezee. Akaja mbio kunionyesha, uso umemeta. Nikamnyang'anya nikalitupa kwenye mihogo. Maskini, hakuelewa kosa lake.

Kisha ikaja picha. Mmoja wao alikuwa na kamera ya sanduku. Zainabu alikuwa ameoga, akavaa gauni lake la Idi kwa heshima ya wageni. Idrisa akamtazama, akasema kwa upole kabisa, kama mwalimu, "Mwambie avae lile la jana. Lile lililochanika. Watu wa kule chuoni wakiona hili hawataamini kuwa mna shida."

Zainabu akanitazama aone nitasema nini. Nikamwambia, "Usivue." Picha hawakupiga. Idrisa alikasirika, akasema watu wengine hawajui kusaidiwa.

Jumamosi asubuhi majirani wakaja na majembe begani, wanaume wa bandarini nao wamo, wakiimba kutoka mbali. Walipofika wimbo ukakatika. Mzee Chilumba, jirani yetu wa karibu, akazunguka nyumba nzima, akagusa ukuta, akajifuta kidole.

"Binti, umetuitia nini?"

Sufuria la Bi Somoe lilikuwa linatokota, Karani yumo ndani. Nikasema, "Karibuni mle."

"Tule kwa kazi ipi?" akasema. "Mimi na meno yangu haya nije kula mali ya yatima bure? Hapana. Siku nyingine, mwanangu."

Wakaanza kugeuka, mmojammoja, kwa aibu, kama watu waliofika msibani wakakuta wamekosea nyumba. Hapo ndipo mjomba akatokea njia ya mtoni, kasia mkononi. Akaona kuta. Akaona sufuria limejaa.

"Nani amekandika?"

"Wageni," nikasema.

"Wamekula?"

Saidi ndiye aliyejibu, mtoto hajui kuficha: "Hawali kwetu, mjomba. Wanakula kwenye lori."

Mjomba akashusha pumzi. "Basi umepewa, hukuita. Saidi, lete nguo zako."

Bi Somoe akawaendea vijana waliokuwa wanafunga mizigo yao. Alikuwa mwanamke mfupi, na sauti yake ilifika kabla yake. "Ninyi wasomi! Waliochimba kaburi la baba wa watoto hawa walikula hapahapa. Ninyi mmechimba nini kigumu kuliko kaburi, hata msiweze kumeza tonge?"

Idrisa akasema, "Mama, dini inatukataza."

"Dini inakukataza kumdhulumu yatima. Kula jasho lako kwenye sinia lake ni dhuluma? Au ni kisamvu kinachokushinda, mtoto wa Mikindani?"

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikumrudisha Saidi. Alikuwa ameshatoka na furushi lake dogo, anajikaza, amesimama karibu na mjomba kama mtu mzima. Ni furushi lile lililonitoa akili. Nikaingia jikoni, nikachukua mchi, nikasimama mbele ya ukuta wa chumba cha wadogo zangu, nikapiga. Udongo mbichi ukaanguka kipande kama mlango. Nikapiga tena.

"Dada, una wazimu!" Idrisa akapiga kelele. "Kazi yetu!"

"Ndiyo, kazi yenu!" nikamjibu, nami nalia na kupiga. "Chukueni! Nyumba ni yangu, na mimi nimeita watu!"

Fito zikabaki wazi. Nikamgeukia Mzee Chilumba, pumzi zinanipaa. "Baba, kazi hii hapa."

Akautazama ukuta, akamtazama mjomba, akavua shati. "Lete maji," akasema. Bi Somoe akapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Wakaingia wote. Waliponiona nimechoka wakaninyang'anya mchi, wakabomoa upande mwingine wenyewe ili kazi itoshe kila mtu, wakicheka kama watoto. Kijana mmoja wa chuo, mrefu, mtu wa bara aliyeitwa Elia, akavua viatu akavitupa ndani ya lori. Idrisa akamwita, "Unakwenda wapi? Tunaondoka!"

"Kwetu pia ukilima kwa mtu unakula kwake," Elia akasema. "Nilijua toka juzi. Niliona haya kusema." Akaingia kwenye tope.

Adhuhuri waliosali wakasali, kisha watu wakanawa. Elia alikula kwa njaa ya kazi, akasifia kisamvu, akaomba tena. Zainabu aliyevaa gauni la Idi ndiye aliyempelekea maji. Mjomba alikaa pembeni muda mrefu. Mwishowe akajisogeza kwenye sinia la wazee, akamega, akatafuna. Alipomaliza akalichukua furushi la Saidi, akamrudishia mkononi.

"Kuku wako mgumu," akamwambia. "Alikuwa karani kweli."

Idrisa alikaa ndani ya lori mpaka Elia alipopanda likaondoka. Sijui maisha yalimpeleka wapi, na sijauliza.

Siku chache baadaye, alfajiri, nikasikia mtu anabisha hodi. Nikafungua. Mzee Chilumba amesimama na jembe. Hakuuliza hali ya yatima. Alisema, "Binti, kesho tunapalilia mikorosho kwangu. Nyumba yako inaitwa." Nikamjibu kwamba tumesikia, nikafunga mlango, nikakaa chini nyuma yake nikalia mpaka Saidi akaamka. Tangu baba afariki, hakuna aliyekuwa ametuita popote.

Sasa, mwanangu, nenda kajitolee. Sikukatazi. Ukijifungia na vitabu vyako na kijiji kinakuhitaji, nitakukasirikia zaidi. Lakini ukifika kwenye mlango wa mtu, uliza kwanza kama kuna watu aliowaita, na kama wapo, ingia nyuma yao, usiwapite. Fanya kazi siku waliyoichagua wao, hata kama lori lako lina haraka. Ukiletewa chakula, kaa chini ule, na kikiwa kidogo ule kidogo, lakini ule. Usimvue mtoto gauni lake zuri ili wewe uonekane mwema. Na usiniletee habari ya kwamba hawajui kusaidiwa. Wao wanajua kusaidiana tangu babu yako hajazaliwa. Ukiondoka, nyumba uliyoisaidia iwe na uwezo wa kukuita tena, nawe uende ukiitwa. Ukimwacha mtu na ukuta mzuri na hana tena wa kumwita, umembomolea, hata kama hukushika mchi.

Mungu akupe mikono yenye nguvu na tumbo lisilo na majivuno. Akufikishe kwenye milango ya watu ukiwa mwenzao, na akurudishe kwangu salama, na matope miguuni. Na siku utakayojenga yako, ukiita, waje.