Mama Sindano na Nyavu Zilizokatika

Kijiji chetu kimekaa pale mto unapokaribia kuingia ziwani, na nyumba zimeyapa maji mgongo kama watu waliogombana nayo. Lakini hayupo anayeishi bila maji hayo, na hayupo mvuvi anayeishi bila Mama Sindano, fundi wetu wa nyavu. Kazi aliirithi kwa marehemu mumewe. Utamkuta barazani, miguu kainyoosha, wavu umemjaa mapajani, anakusema wewe mwenyewe mbele yako, nawe unacheka.

Basi msimu mmoja maji yalipungua, nyavu zikaanza kukatika. Sisemi kuchanika, nasema kukatika, kama zimepitiwa na wembe. Leo wa huyu, kesho wa yule. Na wote tulikimbilia wapi? Kwake.

"Nyavu zikikatika, nani anashiba?" akauliza Bwana Injini, mwenye mashua pekee ya mashine kijijini.

Watu wakamgeukia mdogo wa marehemu mumewe, wasikie atasemaje.

"Msinitazame mimi," akasema. "Yule ni shemeji yangu, mikono yake siijui."

Neno likaenea. Waliomsalimia walimsalimia huku wanamwangalia vidole. Nyavu zikaanza kuvushwa ng'ambo kwa fundi mwingine. Mama Sindano hana shamba, na ndani ana mama mkwe asiyetoka kitandani. Kazi ile ikihama, wanakula nini?

Asubuhi moja akajifunga kanga kiunoni, akashuka hadi mashua zinapofungwa.

"Haya, nimekuja. Nisemeni nikiwa nasikia."

Kila mtu akapata ghafla kamba ya kukunja.

"Mimi sina muda na wachawi wa wembe," akasema Bwana Injini, akawasha mashine. Ikanguruma, ikakohoa, ikazima. Akawasha tena, wapi! Tukamsaidia kuinua mashine. Pangaboi, lile linalosukuma mashua, lilikuwa limevimba kwa nyuzi za nyavu, rangi zote, za kila mmoja wetu. Kumbe tangu maji yapungue aliacha katikati ya mto kulikojitokeza mafungu ya mchanga, akawa anapita ukingoni tunakotega, kabla hakujapambazuka.

"Kazizungusha huyu mwanamke!" Bwana Injini akapiga kelele.

"Mimi? Kuogelea kwenyewe sijui, baba!"

Tulicheka. Lakini si wote, na waliocheka si wote walioamini. Nyavu zilirudi barazani, ila sasa kila wavu ulikuja na mwenyewe, naye haondoki.

Wa kwanza alikuwa yule mdogo wa marehemu. Akakaa kwenye ngazi, macho kwenye sindano.

"Shemeji, umekuja kunilinda?"

"Hapana, napumzika tu."

"Basi pumzika na hii." Akamtupia upande mmoja wa wavu. "Shika, vuta. Vuta bwana, umekula kweli wewe?"

Akavuta mpaka jioni, jasho linamtoka, na sindano ile hakuiondolea macho hata mara moja.