Upindo wa Joho

Jumapili, tarehe kumi na nne Juni, ibada ya kumsimika askofu mpya ilianza saa tatu asubuhi na kumalizika saa nane mchana. Fundi aliyeshona joho la askofu hakusubiri mwisho. Saa saba aliinuka kutoka benchi la nyuma akarudi nyumbani, kwa kuwa alikuwa na mgeni wa kupokea, na mgeni mwenyewe ndiye aliyekuwa akisimikwa.

Ahadi ilitolewa siku ya kupima. Mchungaji, maana bado aliitwa hivyo, alisimama juu ya stuli. Fundi akapiga magoti miguuni pake akikunja upindo, pini zimebanwa midomoni kama ilivyo desturi ya kazi yake. Mchungaji akamtazama kutoka juu.

"Unyenyekevu wa namna hii ndio Mungu anaoutaka, Fundi. Mumeo bado anaomba meza ya Bwana?"

Mumewe, mwashi, alianguka kutoka jukwaa la ujenzi na hakuinuka tena kitandani. Fundi alitaka kusema kwamba mgonjwa amebakiza siku chache. Pini zikamzuia. Akaitikia kwa kichwa.

"Basi usihofu. Nikishavaa joho hili, nyumba ya kwanza kuingia ni yako."

Nyumba hiyo ilikuwa na mlango mfupi. Mwashi aliijenga mwenyewe, matofali yakamwishia kabla ya kimo.

"Mwashi wa mji mzima, mlango wake kama wa banda la kuku," mkewe alizoea kumtania.

"Hapo hata mfalme ataniinamia bure," naye hujibu.

Jumapili hiyo hawakutaniana. Fundi alitandika kitini kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye joho, akaketi ukingoni mwa kitanda, masikio barabarani. Jioni gari likasimama. Aliyeinama mlangoni, kofia mkononi, alikuwa dereva wa askofu, na sahani ya keki.

"Baba Askofu amezidiwa na wageni, mama. Anasema anawaombea huko huko aliko."

"Huko huko," fundi akarudia.

Mgonjwa akageuza kichwa. "Na wewe, mwanangu, hujui kusali?"

"Mimi, mzee? Mimi najua breki na klachi. Sala ninayo Baba Yetu tu, tena nikifika kwenye makosa huwa nachanganya."

"Hiyo hiyo. Changanya."

Dereva alikiogopa kile kiti cheupe. Akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, na suruali yake ya sare. Kwenye makosa akachanganya kweli; mgonjwa akamshika mkono, wakamaliza pamoja. Mashavu ya mwashi yalikuwa yamelowa.

"Amefika," akasema.

"Nani kafika?" mkewe akafoka. "Dereva?"

"Hukumwona akiinama? Bwana kaingia naye, mke wangu."

Fundi hakumwona Bwana. Aliona keki, akaitoa nje akawamwagia kuku.

Jumatano mwashi akafariki, bila mkate wala kikombe. Mazikoni askofu alikuja, akahubiri kwa kirefu juu ya unyenyekevu wa marehemu, kisha akamwuliza mjane kama ana neno. Safari hii hakuwa na pini mdomoni. Alifungua kinywa, akatazama zile nyuso zote zilizokuwa zikimsubiri ashukuru, akakifunga. Aliitikia kwa kichwa.

Juni ya mwaka uliofuata, dereva alilileta joho lipanuliwe kiunoni, kwani askofu alikuwa amenenepa. Fundi aliligeuza akafumua upindo kidogo kuukagua. Ndani ya mkunjo, ambamo vumbi la sakafu ya udongo hubaki hata nguo ikifuliwa, hamkuwa na kitu.