Mbwa Aliyefundishwa Kuinua Kichwa

Katika miaka ile ya mashamba ya ngano ya serikali, kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watoto wa mbwa kusimama mezani. Watu wakiniuliza nilifanya nini kule Basotu huwa nawajibu kwamba nilifanya kazi za nyumbani, nao wanaridhika, tunaendelea na mengine. Nikisema ukweli wataona nawatania. Wengine waliendesha kombaini, wengine walifukuza ndege kwa kugonga makopo. Mimi nilishika kamba nyembamba, na mwisho wa kamba alikuwapo mbwa asiyefikia uzito wa kuku.

Mama mwenye mbwa alikuwa mke wa mtaalamu wa matrekta, mgeni kutoka nchi za baridi. Alikuja na mbwa wawili, dume na jike, wa aina ndogo yenye manyoya marefu na masikio yaliyofunguka kama mabawa ya kipepeo. Kwao alizoea kuwapeleka mbwa wa namna hiyo kwenye mashindano, wakatazamwa, wakapewa utepe wa ushindi. Huku alikuwa amekaa mwaka mzima akitazama ngano. Siku aliposikia kwamba wageni wenzake wa Arusha nao wanafanya maonyesho ya mbwa, alifufuka. Jike akazaa watoto watatu, na mimi niliyekuwa nimeajiriwa kufua nikahamishiwa kwa watoto.

Asubuhi zile nazikumbuka kama vitu nilivyoviona kupitia pazia. Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka mlima Hanang, unalala juu ya ngano, na ngano yenyewe inatembea chini yake bila kwenda popote. Upepo wa kule haukuwa na adabu, uliingia hadi kwenye mifupa. Nilikuwa naweka meza barazani, juu yake gunia ili miguu yao isiteleze, na mfukoni mwa aproni nina maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo kama punje za mahindi. Namweka mmoja mezani, narudisha miguu yake ya nyuma mahali pake, nanyoosha mkia, kisha nainua kipande cha ini mbele ya pua yake hadi shingo isimame. Nahesabu polepole mpaka kumi. Akitulia, anakula. Halafu yule wa pili, halafu yule wa tatu. Baada ya hapo wote wanalala, maana watoto wa mbwa wale walichoka upesi na tumbo lao halikuvumilia njaa. Mimi nami nilikuwa nasinzia kando yao, huku kombaini zikiunguruma mbali, na sijui hadi leo ni asubuhi ngapi zilipita hivyo.

Neno la kwanza walilojifunza watoto wale lilikuwa la Kiswahili. Mama mwenye mbwa hakuwa na Kiswahili kingi, lakini hilo alilipenda: "Kichwa juu." Alinieleza kwamba mbwa mdogo huona dunia nzima ikimjia kutoka juu, viatu, magoti, mikono, kwa hiyo maumbile yake ni kujikunyata. Kazi yangu ilikuwa kumwondolea hilo. Mbwa akitazama chini, alisema, mwamuzi hutazama mbwa mwingine. Basi siku nzima nilikuwa nasema kichwa juu, kichwa juu, mpaka wapishi wakaanza kuniita hivyo. Mama yule naye alipita nyuma yangu akinigusa mabega ili nami nisimame wima, kwa sababu mshika kamba akijikunja, mbwa hujikunja. Nilipenda kusimama vile. Nisidanganye, nilipenda sana.

Kulikuwa na jambo moja lililoniuma wakati ule wote, nalo ni baba yangu.

Sisi ni watu wa ng'ombe, kwetu ni nyikani chini ya Mogitu. Kwetu mtoto hamsalimii mzee kwa mdomo peke yake. Anakwenda mbele yake, anatoa kichwa, na mzee anaweka mkono wake juu. Hata uwe na watoto wako mwenyewe, mbele ya baba unabaki mtoto. Na baba hakuwa ameniwekea mkono tangu nilipokwenda kwenye ngano. Trekta zilikuwa zimelima hadi kwenye njia ambayo ng'ombe wake walipita kwenda kulamba chumvi, naye hakuisamehe ngano, wala mtu aliyekula mshahara wake. Mara ya kwanza niliporudi likizo nilisimama langoni mwa boma na viatu vyangu vipya, nikamwamkia, nikamngoja. Akaniitikia. Akanipita. Miaka miwili ikaenda hivyo, kila nikirudi namngoja, ananipita.

Wakati huohuo kulikuwa na mtu wa Nangwa aliyekuwa akinichumbia, mtu mwema, na mazungumzo yalikuwa yamefika mbali. Mama yangu aliniambia wazi kwamba hawezi kunitoa kwenye boma lile bila mkono wa baba. Alisema mwanamke anayeondoka hivyo huwa kama ameondoka usingizini, huko aendako anajitafuta. Nilimjibu kwamba mwenye kunyima ni mzee, akamwambie yeye. Mama akanitazama tu.

Watoto wa mbwa wawili walikua vibaya, mmoja meno yalipishana, mwingine sikio moja lilianguka. Akabaki mmoja, yule mdogo kuliko wote. Mama mwenye mbwa akasema huyu lazima azoee mikono ya watu asiowajua, hasa wanaume wazee, maana waamuzi wengi ni wazee. Pale kambini wazee hawakuwapo. Nikamwambia kwetu wako. Basi kila Jumapili ya pili nilikuwa napanda lori la shamba hadi Katesh, kisha nashuka kwa miguu na mbwa ndani ya kapu, amefunikwa kanga ili mwewe asimwone.

Baba alipomwona mara ya kwanza aliuliza panya huyu ananyonyeshwa na nani. Watoto wa kaka yangu walicheka hadi wakakaa chini. Jioni ng'ombe waliporudi, watoto walijipanga mbele ya babu yao kama kawaida, na mbwa akajiingiza kwenye mstari, mwisho kabisa, baada ya yule mdogo asiyejua kutembea vizuri. Baba akapita akiweka mkono, kichwa baada ya kichwa. Alipofika kwa mbwa alisimama. Uso wake haukucheka. Akainama, akamwekea vidole viwili katikati ya yale masikio, akamwambia maneno yaleyale aliyowaambia watoto, ukue, unenepe, urudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kapu tupu. Akanipita.

Nilikasirika, lakini ilikuwa hasira ya mtu aliye nusu usingizini. Jioni za kule zina vumbi la dhahabu na kengele za ng'ombe, huwezi kununa ukamaliza. Nikajiambia kwamba kazi inafanyika, mbwa anaguswa na mzee. Nikarudi naye tena, na tena, miezi minne. Kila jioni ya Jumapili aliingia kwenye mstari, na sikutazama kwa makini anafanya nini pale. Nilikuwa namtazama baba.

Siku ya maonyesho tulitoka alfajiri kwa Landrova. Arusha ilikuwa na jua la upole, na uwanja wa nyasi uliokatwa vizuri mpaka niliona haya kuukanyaga. Kulikuwa na mbwa wakubwa kama ndama, waliochanwa, waliopakwa poda. Mama mwenye mbwa aliogopa kushika kamba mwenyewe, akanipa mimi. Nikazunguka uwanjani na mbwa wangu. Alitembea kana kwamba nyasi zile ni zake, masikio wazi, mkia mgongoni, na watu wakageuka. Nilijisikia nimepaa. Tulipofika mezani nikampanga miguu, nikanyoosha mkia, nikainua ini. Akatulia mpaka kumi.

Mwamuzi akaja. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, akitembelea fimbo.

Mbwa akamwona. Akaliacha ini. Akashusha mkia, akakunja shingo, akaweka kipaji cha uso karibu na meza, akangoja. Nikamwambia kwa kunong'ona kichwa juu, hakusikia. Nikamwinua kidevu, akakirudisha chini. Mzee yule alingoja kidogo, kisha akamshika kichwani ili amtazame meno, na mbwa akafumba macho kwa raha. Ndivyo alivyobaki mpaka mwamuzi alipoondoka kwenda kwa mbwa mwingine. Hatukupata hata utepe wa mwisho. Mama mwenye mbwa alinitafsiria aliyoyasema mwamuzi: mbwa mzuri, umbo zuri, lakini hana ujasiri.

Hana ujasiri! Mbwa aliyekuwa akimbwekea trekta. Njiani, tulipopita Makuyuni, mama yule akaniuliza kwa upole nani alimfundisha vile. Ningeweza kusema sijui. Nikamweleza yote, mstari wa watoto, vidole viwili, maneno. Akageukia dirisha, nikadhani kazi imekwisha. Halafu akaanza kucheka, akacheka huku anafuta machozi, akasema kwamba nipumzike siku tatu, niende nikamwambie baba yangu kwamba yeye hana kinyongo.

Nilimkuta baba jioni, amesimama langoni anangoja ng'ombe. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamweleza habari za Arusha tangu mwanzo, za uwanja, za mzee mwenye ndevu na za mbwa aliyeinamisha kichwa. Alisikiliza akitazama vumbi la ng'ombe lililokuwa bado mbali.

Akauliza, "Huyo mzee alimgusa?"

"Alimgusa, baba."

"Basi alitaka nini tena?"

Hapo ndipo miaka miwili iliponitoka mdomoni. Nilimwambia baba yangu, bila adabu, nikiwa nimesimama wima mbele yake, "Mbwa umemwekea mkono miezi minne. Mimi mtoto wako umeninyima miaka miwili."

Akageuka akanitazama. Sikuona hasira. Niliona mtu aliyeshangaa, kama aliyeulizwa swali ambalo yeye mwenyewe amekuwa akitaka kuliuliza.

"Mbwa aliinama," akasema.

Nilirudi nyuma kichwani mwangu, safari baada ya safari, nikijitafuta mahali nilipoinama, hata mara moja, na sikujiona. Nilijiona na viatu vyangu langoni, nimengoja. Nilijiona na kapu, nimengoja. Kila mahali nilikuwa nimesimama vizuri sana, na mzee hawezi kupanda juu kukifuata kichwa cha mtoto wake. Alikuwa akinifikia kila mara, anasimama kidogo, hapati kichwa, anapita. Na mama alijua, ndiyo maana alinitazama tu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani.

Nikainama. Shingo ilikuwa ngumu, nayo ilishuka kidogo kidogo, mpaka nikawa naona miguu yake tu na vumbi juu ya makubazi. Mkono ulichelewa. Nilisikia kengele za ng'ombe zikikaribia, nikafikiri labda muda wangu umekwisha kupita. Kisha ukaja, mzito, mkavu, kiganja kizima. Aliyasema yale maneno kwa sauti ya chini, ukue, unenepe, urudi nyumbani, mimi mwanamke mzima niliyekaribia kuolewa. Nililia waziwazi, naye hakuuondoa mpaka ng'ombe wote walipokwisha kuingia.