Kadi ya bati ya Mzee Rajabu yafika benki

Saa moja kasoro asubuhi, mvua ya Tukuyu inanyesha kama kawaida yake, haina haraka na haina mpango wa kuacha. Safina Rajabu anafungua duka lake karibu na soko, na kabla hajavua koti, mteja wa kwanza ameshafika.

Ni mama mchuma chai. Anataka kilo mbili za sukari na mche wa sabuni. Hatoi pesa, wala hataji jina. Anavuta kamba iliyo shingoni na kuweka kwenye kaunta kibati kidogo kilicholainika kwa kushikwa.

Safina analaza ukurasa wa daftari juu ya kibati, anasugua penseli, na jina lililotobolewa linajitokeza nukta kwa nukta. Pembeni anaandika bei. Imekwisha hiyo.

"Sekunde kumi, na haiombi mtandao," anasema, anacheka.

Safina ana miaka 51. Kaya 214 za wilaya hii ya Rungwe zinachukua bidhaa kwake kwa kadi hizi za bati na kulipa mara moja kwa mwezi, malipo ya majani ya chai yanapotoka. Faida yake ni kama shilingi 380,000 kwa mwezi, na kwa hizo amesomesha watoto watatu.

Wanaosimulia historia ya kadi za mkopo hutuambia ile ya kulipia chakula mahotelini ilianza New York mwaka 1950, na ilikuwa ya karatasi ngumu. Sawa, hongera zao. Hapa Tukuyu karatasi hiyo isingemaliza wiki. Kadi ya hapa ina asili yake, na aliyeisababisha yu hai.

Anaitwa Sekela, mjane wa miaka 69 wa kijijini Suma. Mwaka 1976 alikuwa bi harusi, ameolewa miezi miwili tu. Baba yake Safina, Mzee Rajabu, aliyekuja kutoka Tanga kuuza chumvi na mafuta ya taa, alikopesha kwa jina la mwenye nyumba. Mwenye nyumba wa Sekela alikuwa baba mkwe wake, na kwa Wanyakyusa mkamwana hatamki jina la baba mkwe.

"Rajabu ananiuliza, 'Mwanangu, nyumba ya nani?' Nikatazama chini," anasimulia Sekela. "Mwe! Ningemtajaje mimi? Nikarudi bila chumvi. Wiki iliyofuata, vilevile."

Mara ya tatu Mzee Rajabu akamuuliza jirani kwa siri, akaelewa. Alijaribu kwanza kuandika jina kwenye kipande cha boksi la sabuni, mvua ikakimaliza kwa siku mbili. Basi akakata debe la mafuta, akakunja kingo zisimkate mtu, akatoboa jina kwa msumari.

"Akaniambia, 'Chukua, usiseme kitu.' Siku ile nilitembea barabarani kama mke wa chifu," anasema Sekela. Wakamwana wengine wakazitaka. Ndivyo zilivyoenea.

Safina amerithi msumari uleule. Lakini yeye mwenyewe hajawahi kukopeshwa na mtu. Wauzaji wa jumla wa Mbeya wanataka taslimu. Mwaka jana malipo ya majani yalipochelewa miezi miwili, alibaki na chumvi na viberiti tu kwenye rafu.

Sasa anataka milioni nane afungue duka Suma, maana akina mama wa huko hulipa bodaboda shilingi elfu sita kwenda na kurudi. Chumba amekipata, ila mwenye chumba amempa mpaka Ijumaa. Benki mbili zimemkatalia kwa kukosa dhamana. Leo ni Alhamisi, na benki ya tatu inamsubiri.

Saa nne naingia huko pamoja na Safina. Sekela ametangulia, amevaa kitenge cha kanisani. Amekuja kumdhamini Safina kwa shamba lake la chai la ekari mbili.

"Bibi, una hakika?" anauliza Prosper, ofisa mikopo. "Akishindwa kulipa, shamba linaondoka."

"Baba yake hakuniuliza kama nina hakika," anajibu Sekela. "Andika."

Prosper anajaza fomu mpaka anafika mstari mmoja. "Shamba ulilipata kwa nani?"

"Kwa baba mkwe."

"Jina lake?"

Sekela anatazama chini. Safina analijua jina, anafungua mdomo, lakini Prosper anainua mkono: lazima litoke kwa mdhamini mwenyewe. Mzee huyo ni marehemu tangu zamani na bado mkamwana wake hawezi kumvunjia heshima.

Sekela anavuta kamba shingoni. Kibati kinatoka, chakavu, kingo bado zimekunjwa. Anakilaza mezani, anaweka fomu juu yake, mstari ule mtupu ukae sawasawa.

"Kijana, penseli."

Anasugua taratibu. Jina linajitokeza. Kwa heshima yake, hata mimi siliandiki hapa.

Prosper anapitisha kalamu ya wino juu ya zile nukta, moja baada ya nyingine. "Mimi ni Mnyakyusa wa Nkunga," anasema kwa sauti ya chini. "Mama yangu naye hamtaji babu." Anampelekea meneja fomu. Baada ya nusu saa anarudi nayo imepigwa muhuri: mkopo umekubaliwa.

"Ndaga fijo," Sekela anamshukuru, huku akirudisha kibati kifuani.

Nje mvua haijakoma. Safina anasema kesho asubuhi atalipia chumba, na mwezi ujao atafungua. Madebe matatu ya kukatia kadi za Suma anayo tayari.

Kisha anashindwa kujizuia, anafuta machozi kwa ncha ya ushungi. "Miaka yote nimekopesha mimi," anasema. "Leo nimekopeshwa, na aliyenidhamini ni mteja wa kwanza wa kadi za baba."