Taka za Kuazima

Wakati wa vita vya Kagera nilimtembelea dada yangu katika kijiji cha ujamaa upande wa Nyamahanga. Asubuhi hiyo bwana afya alikuwa akikagua mashimo ya taka. Shimo tupu, kwake, lilimaanisha hujafagia, na adhabu ni kulima shamba la kijiji Jumapili.

Shimo la dada lilikuwa tupu. Maganda yaliliwa na mbuzi, majivu yalikwenda migombani, mkebe wa mwisho ulishakuwa koroboi. Dukani hakukuwa na cha kununua, sembuse cha kutupa.

Akachukua ungo, akaenda kwa jirani.

"Shikamoo mama. Niazime taka kidogo, bwana afya anakuja."

"Marahaba mwanangu. Ziko nyumba ya tatu. Akimaliza pale, watazipitisha nyuma."

Zikaja kweli, zimefunikwa kanga kama chakula cha mgeni: magunzi, majani makavu na kandambili iliyokatika. Dada akazimwaga shimoni.

Bwana afya akachungulia, akainama zaidi.

"Safi. Ila kijiji hiki, kila nyumba imekatikiwa kandambili ya kushoto?"

"Ndiyo, bwana afya. Njia zetu mbaya."

Siku hizi shimo langu hufurika kila wiki kabla ya Jumatano, na sijaona jirani akija na ungo.